Laptopu ya zamani imekufa, diski na RAM zake zinaingia kwenye mpya?

fundi_arua

Habari zenu wakuu. Nafungua huu uzi kwa sababu ya kitu kinachoniuma kila nikikaa dukani. Mtu anakuja na laptopu mpya begani, ile ya zamani kashaiuza kwa bei ya kutupa eti kwa sababu skrini imekufa au chaji haiingii, halafu baada ya muda anarudi analalamika mpya ni nzito, RAM GB 4 tu, diski imejaa. Ukimuuliza ile ya zamani ilikuwa na nini ndani anakwambia SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ya GB 500 na RAM GB 16. Banange! Skrini ndo ilikufa, diski haikufa na RAM haikufa, na hivyo viwili ndo vilikuwa na thamani kuliko ile mashine nzima.

Kwa hiyo nasema mapema kabisa: diski ya zamani karibu kila mara utaitumia, kama haiingii ndani ya mpya basi itakaa nje kwa USB. RAM ndo yenye masharti, ikikubali inakubali, ikikataa hakuna fundi wa kuilazimisha. Na kabla hujashika bisibisi kuna jambo moja la ufunguo wa Windows wa kufungua diski iliyofungwa, nitalieleza chini, tafadhali usiliruke, ndo linaliza watu.

Tuanze na RAM maana maswali mengi yako huko. Itoe uiangalie stika yake. Unaona kitu kama 4GB 1Rx8 PC3L-12800S. Hiyo GB 4 kila mtu anaijua, cha muhimu ni PC3L. PC3 ni DDR3, PC4 ni DDR4, PC5 ni DDR5. Haziingiliani hata kidogo, kile kipengo kidogo kwenye meno ya RAM kimehamishwa kila kizazi makusudi ili mtu asikosee, na hata idadi ya pini ni tofauti, DDR3 ya laptopu ina pini 204, DDR4 ina 260, DDR5 ina 262. Ukiona haikai, usisukume. Nimeletewa mabodi yenye soketi iliyopasuka kwa sababu mtu alisukuma kwa nguvu za kuvunja kuni.

Sasa hiyo L ndo wengi hawaioni. PC3 bila L inatumia volti 1.5, PC3L inatumia 1.35. Laptopu nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 4 zinataka 1.35. Ukichukua RAM ya kizazi cha 2 au cha 3 isiyo na L ukaiweka kwenye ya kizazi cha 4, inaingia vizuri kabisa, umbo ni lile lile, halafu mashine inawaka taa tu skrini nyeusi, mtu anadhani kaua madabodi. Hajaua kitu, atoe tu ile RAM. Kinyume chake hakuna tatizo, PC3L inafanya kazi kwenye mashine ya volti 1.5.

Kwa hiyo kama ya zamani ni ya mwaka 2012 na mpya ni ya juzi, RAM sahau, mpe mtu mwenye laptopu ya umri ule itamsaidia. Lakini kama ya zamani ni DDR4 na uliyonunua ni yuzd (iliyokwisha tumika) ya DDR4, hapo una mali mkononi.

mwl_mbale

Asante sana fundi kwa uzi huu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mbale, ya zamani ina HDD ya kawaida, ile inayozunguka, GB 500, na nimenunua mpya nyembamba sana. Nimefungua mfuniko wa chini sijaona mahali pa kuweka diski kubwa ile, kuna kijisehemu kidogo tu chembamba kama kipande cha ubani wa kutafuna. Je hiyo diski yangu ndo basi? Ina mitihani yangu yote na picha za familia.

fundi_arua

Mwalimu shikamoo, wala sio basi. Hicho kijisehemu ni sloti ya M.2. Laptopu nyembamba nyingi za siku hizi zimeacha nafasi ya diski ya inchi 2.5, mtengenezaji kaweka betri hapo. Diski yako nunua kasha la USB la inchi 2.5, lile la SATA, liko kwenye maduka mengi ya kompyuta na sio ghali. Unafungua, unachomeka diski kwenye meno yake, unafunga, imekuwa diski ya nje. Hakikisha kasha ni la USB 3.0, ukiangalia tundu la laptopu mara nyingi lina ulimi wa bluu ndani, maana kwa USB 2.0 utapata kama MB 35 kwa sekunde na kuhamisha GB 300 utakesha. Na ichomeke moja kwa moja kwenye laptopu, usipitishe kwenye ile mikia ya kugawa USB, HDD ikikosa umeme wa kutosha inaanza kulia tik tik na kujizima.

Ila mwalimu nakuomba kitu. Kabla hujaanza kuitumia kama stoo weka CrystalDiskInfo, ni ya bure, ifungue uangalie rangi. Bluu sawa. Njano, angalia mistari ya 05, C5 na C6. 05 ni sehemu zilizokufa diski ikazibadilisha, C5 ni zile zinazosubiri, yaani diski imejaribu kusoma ikashindwa. Ukiona C5 ina namba na inapanda, nakili mitihani na picha kwanza, leo leo, usianze kuformati wala kuendesha programu za kutengeneza, kila dakika inayozunguka inaweza kuwa ya mwisho. HDD iliyobebwa miaka kwenye boda boda kwenye barabara zetu imepigwa na mashimo mengi, sindano yake inaruka juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko unywele.

kijana_kyambogo

Fundi mi ya zamani ilikuwa na SSD ya M.2 tayari, GB 256, na mpya ina sloti mbili za M.2, moja ina ya kiwanda na moja iko wazi. Nimeweka ile ya zamani sloti ya pili, mashine inawaka fresh lakini diski haionekani kabisa, hata kwenye bayosi (ile programu ya bodi inayowaka kabla ya Windows) haipo. Imekufa ama?

fundi_arua

Kaka kabla ya kuizika, iangalie meno. Ina vipengo viwili au kimoja?

kijana_kyambogo

Viwili, kimoja kila upande. Stika imeandika SATA 6Gb/s

fundi_arua

Basi ndo hiyo. M.2 ni umbo tu, ndani yake kuna lugha mbili, SATA na NVMe. Zenye vipengo viwili mara nyingi ni SATA, zenye kimoja mara nyingi ni NVMe, nasema mara nyingi kwa sababu kuna NVMe chache zenye viwili, kwa hiyo stika ndo ya kuamini. Sloti yako ya pili itakuwa inaelewa NVMe tu, laptopu nyingi mpya ziko hivyo. Haijaharibika, haijaunguza kitu, haisikiki tu. Tafuta kasha la USB la M.2 ila muuliza muuzaji kwa sauti kabisa kama linakubali SATA, maana kuna ya NVMe pekee, ya SATA pekee, na yanayokubali yote. Chukua linalokubali yote, siku ukipata NVMe ya zamani utaitumia humo humo.

Na kwa wengine mnaosoma, pimeni urefu pia. Namba 2280 maana yake upana milimita 22 urefu 80, 2242 ni urefu 42, 2230 ni 30. Laptopu nyingine sloti yake ni fupi, 2280 haitoshei, skrubu haifiki mahali pake na usiiache ikining'inia bila skrubu.

Kuhusu spidi, msidanganywe na namba za kwenye boksi. HDD inakupa kama MB 100 kwa sekunde, SSD ya SATA inaishia karibu 550, NVMe ya PCIe 3.0 inafika 3500. Lakini kuruka kutoka HDD kwenda SSD yoyote ile ndo utakakouona kwa macho, Word inafunguka ukiwa bado unashusha kidole. Kutoka SSD ya SATA kwenda NVMe mtu anayeandika riporti na kuangalia video hatajua tofauti. Kwa hiyo ukiwa na SSD ya SATA ya zamani iliyo nzima usiione takataka. Ninachokataa mimi ni kuchukua HDD ya zamani ukaiweka ndo ibebe Windows kwenye mashine mpya. Hapo umeifunga miguu mashine ambayo umeilipia. HDD ibaki stoo.

dada_wa_stationery

Mimi nina duka la kuprinti na fotokopi Busia hapa karibu na mpaka. Kompyuta ya duka iliungua chaji, kijana akanitolea SSD akaiweka kwenye laptopu nyingine, ikaja skrini ya bluu inataka namba ndefu ya recovery. Sijawahi kuweka neno la siri lolote la namna hiyo maishani mwangu. Kazi za wateja zote ziko mle, na kuna mtu ananidai kadi za harusi wikiendi hii. Nisaidieni jamani

fundi_arua

Dada pole sana, hili ndo lile nililosema msiliruke. Tulia kwanza, usikubali mtu yeyote akuambie aformati.

Hiyo ni BitLocker. Laptopu nyingi zenye Windows 10 na 11, ukiingia kwa akaunti ya Microsoft siku ya kwanza, inafunga diski kimya kimya bila kukuuliza, na ufunguo unaishi kwenye chipu ya TPM iliyochomelewa kwenye bodi. Ukihamisha diski kwenda bodi nyingine chipu ile haipo, Windows inasema huyu simjui, leta namba ya tarakimu 48. Windows 11 toleo la 24H2 imezidisha, karibu kila usakinishaji mpya wenye akaunti ya Microsoft inawasha yenyewe.

Habari njema ni kwamba wakati inafunga, kwa kawaida inahifadhi namba hiyo kwenye akaunti yako. Chukua simu, ingia account.microsoft.com/devices/recoverykey kwa imeili ile ile uliyofungulia ile kompyuta ya duka. Utaona orodha, linganisha ile Key ID ya herufi nane za mwanzo na inayoonyeshwa kwenye skrini ya bluu, ikifanana andika zile 48. Kama kompyuta ilifunguliwa na kijana wa dukani kwa imeili yake, mtafute huyo, namba iko kwake.

dada_wa_stationery

Ilifunguliwa kwa imeili ya mdogo wangu yuko Jinja. Nampigia sasa hivi

bombo_boy

Wakati tunamsubiri dada, niongeze kwa wale ambao mashine ya zamani bado inawaka. Msisubiri ife. Fungueni ile dirisha nyeusi ya amri kama administrator, andika manage-bde -protectors -get C: na itakuletea hiyo namba, ipige picha kwa simu uitume kwenye imeili yako. Au nenda setting uzime device encryption kabisa halafu uache hadi imalize kufungua diski yote ndo uitoe. Mimi hapa Bombo nafanya hivyo kwa kila mashine ya mteja kabla sijagusa skrubu hata moja.

Pia kitu cha betri. Zima kabisa, sio kufunika mfuniko tu, chomoa chaja, ukifungua chini chomoa waya wa betri kwanza ndo uguse RAM. ThinkPad nyingi zina sehemu kwenye bayosi ya kuzima betri ya ndani, tumia hiyo. Kisha bonyeza batani ya kuwashia sekunde kadhaa umeme uliobaki uishe. RAM ichomeke kwa mshazari, kama nyuzi 30, isukume hadi meno ya dhahabu karibu yasionekane, ndo uishushe, vile vibanio viwili vya pembeni vitalia tak. Kama havijalia haijaingia, na skrini nyeusi nyingi ninazoletewa ni hiyo tu.

dada_wa_stationery

IMEFUNGUKA! Namba ilikuwepo kwa mdogo wangu. Mungu awabariki. Sasa niendelee kuitumia hivi hivi kwenye hii laptopu nyingine au niweke Windows upya?

fundi_arua

Alhamdulillah dada. Nakili kwanza kazi za wateja kwenye diski nyingine, hilo leo. Baada ya hapo ukiuliza mimi, weka Windows upya. Windows 10 na 11 ukiihamisha huwa inawaka, inahangaika kutafuta draiva halafu inatulia, lakini inabaki na mabaki ya mashine ya zamani. Halafu leseni iliyokuja na laptopu imefungwa kwenye bodi ya ile laptopu, haihami na diski. Ila laptopu nyingi zilizotoka na Windows 8 kuja mbele zina ufunguo wao ndani ya bayosi, ukisakinisha toleo lile lile inajiwasha yenyewe bila kununua kitu.

Na kama ile ya zamani ilikuwa na Windows 10, kumbuka msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa biashara inayopokea fleshi za watu kutwa nzima sitakushauri ubaki nayo. Windows 11 inataka TPM 2.0 na Intel kuanzia kizazi cha 8, kama hiyo laptopu nyingine haifiki weka Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, kuprinti na LibreOffice (ya kuandikia, kama Word) vinatosha duka.

kijana_kyambogo

Fundi nimepata kasha, SSD inasoma, asante. Swali la RAM. Mpya ina GB 8 imechomelewa kwenye bodi na sloti moja wazi. Ya zamani ina kipande cha GB 8 PC4-2400T. Ya kwenye bodi ni 3200. Nikichanganya haitaleta shida?

fundi_arua

Weka bila woga. Zote zitatembea kwa spidi ya mdogo, 2400, lakini utakuwa na GB 16 na chaneli mbili (njia mbili za RAM zinazofanya kazi pamoja) badala ya moja, na kwa mashine isiyo na kadi ya picha yake chaneli mbili zinasaidia hata video na magemu. Unapoteza spidi kidogo unapata nafasi mara mbili, na mwanafunzi mwenye vichupo 30 vya Chrome anahitaji nafasi. Ungekuwa na kipande cha GB 4 bado ningekwambia weka, GB 4 zingeshirikiana na 4 za bodi kwa chaneli mbili na zilizobaki zingetembea kwa moja.

Mashine nyingine haziwaki mara ya kwanza, skrini inakaa nyeusi hata dakika nzima kwa sababu inajifunza RAM mpya, usiizime haraka. Ikishawaka weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye fleshi uiache usiku kucha. Ikitoa mstari mwekundu hata mmoja, toa hiyo RAM usiibembeleze, RAM mbovu inaharibu mafaili taratibu na utalaumu diski isiyo na kosa.

mwl_mbale

Nimeona bluu fundi, C5 ni sifuri. Nashukuru. Mke wangu ana MacBook ya 2019 imeingia maji, hiyo nayo tunaweza kuitoa diski?

fundi_arua

Mwalimu hiyo hapana, na naumia kukwambia. MacBook za wakati huo zimechomelewa, na chipu yao ya T2 inasimba data, funguo ziko kwenye chipu yenyewe. Hata ukikwangua chipu za diski ukaziweka mahali pengine utaona takataka. Njia ni moja, kuifufua bodi yenyewe hata kwa saa moja tu ili mnakili vitu, kwa hiyo isiwashwe tena, isichomekwe chaja, mpelekeeni fundi wa bodi mwenye darubini. Vile vile kuna vilaptopu vya bei ya chini vyenye eMMC ya GB 32 au 64, hivyo navyo vimechomelewa. Na laptopu nyembamba nyingi RAM ni LPDDR, imechomelewa, hakuna cha kutoa. Ndo maana nasema kabla hujanunua mpya, tafuta modeli yake uangalie ina sloti ngapi, kwa sababu muuzaji atakwambia tu GB 8 na hatakwambia kama ndo mwisho wake.

dada_wa_stationery

Swali la mwisho kwangu. Ile iliyoungua kuna mtu anataka kuinunua spea na anataka na ile HDD ya pili iliyokuwemo. Nimpe tu?

bombo_boy

Dada usimpe HDD hivi hivi! Wewe ni stationery, mle ndani kuna skani za endagamuntu (vitambulisho vya taifa) za watu, vyeti vya watoto, barua za mkopo. Kuna Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na hata bila sheria, yule aliyekuletea kitambulisho chake hakujua kitaishia kwa mnunuzi wa spea. Kufuta na kuformati haraka hakutoshi, mtu anavirudisha kwa programu ya bure. Ichomeke kwa USB, fungua diskpart, andika list disk, angalia ukubwa mara mbili uhakikishe unachagua ile ya kuuza sio yako, select disk na namba yake, halafu clean all. Inaandika sifuri diski nzima, GB 500 inaweza kuchukua masaa. Hiyo ni kwa HDD. SSD usifanye hivyo, tumia programu ya kampuni iliyoitengeneza au secure erase ya kwenye bayosi.

fundi_arua

Naunga mkono. Na betri yake dada iangalie, kama imevimba itoe usiiuze na usiitoboe, ipeleke kwa fundi anayekusanya. Mashine yenyewe bila diski, bila RAM, mwuzie, mfuniko na kibodi vitamsaidia mwingine. RAM ya mle ni ipi? Piga picha stika uiweke hapa, kama ni PC4 tunaiingiza kwenye hiyo laptopu mpya ya duka kesho.

dada_wa_stationery

8GB 1Rx8 PC4-2666V

fundi_arua

Na ya hiyo laptopu nyingine?

dada_wa_stationery

4GB PC4-2400T, sloti mbili, moja wazi

fundi_arua

Basi acha ya 4 mahali pake, weka ya 8 kwenye iliyo wazi, unakuwa na 12. Chomoa betri kwanza.